Kompyuta Iliyochemshwa

Nansio, Jumamosi alasiri.

Kumeshinda mawingu na mvua haikunyesha. Juu ya ziwa wadudu wamesimama tangu asubuhi kama moshi wa tanuri la matofali, kawaida yao kila mwezi unapoandama. Madirisha yote nimeyafunga isipokuwa moja, na sababu ya kuliacha hilo moja wazi ndiyo habari ya leo.

Nilitaka kuanza kwa kuandika kwamba leo najivuna. Nikalifuta neno hilo. Kujivuna ni tabia mbaya, na nimewahi kuwasimamisha watoto darasani kwa sababu yake. Kujivunia ni jambo jingine. Anayejivunia ana kitu mbele yake ambacho anaweza kukionyesha kwa kidole.

Leo najivunia.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu. Naishi peke yangu katika nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu, na dirisha la sebule linatazama ziwa. Chini ya dirisha hilo ipo meza, na juu ya meza ipo kompyuta, ile ya aina ya zamani yenye sanduku lake pembeni. Watu huliita sanduku lote hilo sipiyu. Si sahihi. Prosesa ni kidude kilichomo ndani, kisichozidi ukubwa wa biskuti, na ndicho kinachofanya hesabu zote. Kuliita sanduku zima kwa jina la kidude hicho ni sawa na kuiita nyumba nzima jiko. Nimelisema hili mara nyingi na sijaona aliyebadilika.

Kazi ya kompyuta yenyewe ni hii. Shule ya sekondari iliyo jirani nami haina mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha nne kwa sasa, kwani aliyekuwepo amekwenda likizo ya uzazi. Mkuu wa shule aliniomba niwaandalie wanafunzi mazoezi ya sarufi kila wiki hadi watakapofanya mtihani wao. Nachapa, natuma kwa barua pepe, shule inatoa nakala, na Jumatatu asubuhi mazoezi yapo juu ya madawati. Majibu huletwa kwangu nikasahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilidhani nilikwisha kuiaga kalamu hiyo. Sikujua kwamba nilikuwa na hamu nayo kiasi hicho.

Mwanangu Deo, anayeishi Mwanza mjini, hapendezwi na kazi hii.

"Mama, umefundisha vya kutosha," huniambia. "Pumzika sasa."

Hulitamka neno "pumzika" kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Ananipenda, najua. Lakini blanketi si kitu cha kumfunika mtu mchana.

Basi mwezi uliopita kompyuta ilianza kuzimika. Haikutoa onyo lolote. Nilikuwa katikati ya sentensi, kioo kikawa cheusi, na lile sanduku nilipoligusa lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka mekoni. Nilisubiri ipoe, nikaiwasha, ikazimika tena. Nikaifunga katika kitenge na kupanda nayo meli kwenda Mwanza, nikiwa nimeipakata magotini. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami aliutazama mzigo kwa huruma.

"Shikamoo bibi. Umebeba mgonjwa?"

"Marahaba. Naam, ni mgonjwa. Ana homa."

Akanisogezea begi lake niegemee. Sikumfafanulia zaidi, maana sikuwa nimesema uongo.

Deo alinipokea bandarini, akanipeleka Igoma kwa fundi wake anayeitwa Masanja. Ni mtu mzima, mcheshi, mwenye meza yake katika safu ya mafundi wa redio na simu. Alilifungua sanduku, akalimulika kwa tochi, akapiga mluzi.

"Mwalimu, plosesa yako inachemsha."

Matamshi nilimwachia. Sisi sote wa kanda hii ndimi zetu zina ukaidi wake, na mimi Mkerewe si wa kumcheka Msukuma. Kitenzi sikumwachia.

"Inachemsha nini?" nikamwuliza.

"Inachemsha tu, Mwalimu."

"Haiwezekani ichemshe tu. Anayechemsha lazima awe na kitu anachokichemsha. Mama huchemsha maji. Je, prosesa inamchemsha nani?"

"Inanichemsha mimi," akajibu Masanja, na mafundi wa meza za jirani wakaangua kicheko.

"Sema inachemka. Na hata hivyo, yachemkayo ni maji. Chuma hupata moto."

"Haya, inachemka. Lakini mteja mwingine akija hapa akaniambia inachemka, nitajua moja kwa moja ametokea kwako."

Akanionyesha kilichomo. Juu ya prosesa kuna kipande cha chuma chenye mapezi mengi membamba, na juu ya mapezi hayo kuna feni ndogo. Joto hupanda kwenye mapezi, feni huvuta hewa ya nje na kulipuliza. Katikati ya mapezi yale walikuwa wamejaa wadudu wa ziwani, wamekauka, wameshikamana na vumbi hadi wamekuwa kama sufi. Aliwapuliza kwa mashine yake, wakatoka kama unga wa dagaa.

"Hawa ndio adui zako, Mwalimu. Wazuie wasiingie, mashine itakuwa salama."

Mimi nikipewa agizo nalitekeleza.

Nilirudi Nansio, nikachukua kipande cha chandarua kipya kilichobaki tulipoweka nyavu chumbani, nikaishonea kompyuta gauni. Sijui neno jingine la kukiita kile kitu. Lilifunika sanduku lote, juu, mbele na pande zote, likafungwa kwa nyuma kwa utepe, na kola nikaitia lastiki ili lishike vizuri. Mkunjo mmoja niliuona mwepesi, kwa kuwa wadudu wale ni wembamba, hivyo nikakunja kitambaa mara mbili, kisha mara mbili tena. Mishono ilikuwa midogo na imelingana kote. Nilifundishwa kushona na masista, na masista hawakuvumilia mshono mrefu.

Hakuna mdudu hata mmoja aliyepenya. Niliiona kazi yangu kuwa njema.

Wiki iliyofuata kompyuta ikazimika.

Nikaivua gauni, nikalitundika kwenye msumari, nikaifunga tena katika kitenge, nikapanda meli. Gauni nililiacha kwa sababu ambayo wanawake wa rika langu wataielewa: lilikuwa vazi la nyumbani, na mtu haendi mjini na vazi la nyumbani.

Masanja alifungua sanduku, akamulika. Ndani palikuwa safi kama sahani ya wageni.

"Mwalimu, nyumbani unaiweka wapi?"

"Sebuleni, mezani, kando ya dirisha."

"Hewa ipo?"

"Ipo hewa ya ziwa zima."

"Na wadudu?"

"Hawaingii tena. Nimewadhibiti."

"Safi sana. Ungekuwa jirani yangu, ningekuajiri."

Akaibandua ile feni, akafuta dawa ya kupitisha joto iliyokaukia kati ya prosesa na chuma cha mapezi, akapaka mpya. Akaiwasha. Alinifundisha kubonyeza kitufe fulani wakati mashine inapoamka ili ufunguke ukurasa wa bluu, ambao una mstari unaoonyesha joto la prosesa. Ilishinda mezani pake ikifanya kazi mchana kutwa, nami nikiwa nimeketi kando yake kama mtu aliyeleta mgonjwa zahanati. Haikupata moto. Haikuzimika.

"Haina tatizo," akasema Masanja.

Jioni ile Deo alinifanya niahidi. "Mama, tukubaliane. Ikizima tena, unamwambia mkuu wa shule atafute mtu mwingine. Huwezi kuwa kila wiki kwenye meli umebeba chuma mapajani."

Nikasema sawa. Na mimi nikisema sawa, imekuwa sawa.

Nilirudi nyumbani, nikaiweka mezani, nikaivisha.

Juzi, Alhamisi, nilikuwa nachapa zoezi la vinyambuliko vya vitenzi, na kioo kikawa cheusi. Nilikaa mbele ya kioo kile nikijitazama ndani yake. Nilimwona mwanamke mzee aliyevaa miwani.

Nikampigia Masanja.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Leo sisemi inachemsha. Leo nasema imechemsha."

Nilimwelewa. Mtaani, aliyechemsha ni aliyeshindwa. Alikuwa ananiambia kwamba prosesa imefika mwisho wake na hana la kufanya. Nikampigia Deo pia, kwa kuwa ahadi ni ahadi, nikamwambia kwamba Jumamosi nitamwarifu mkuu wa shule. Hakushangilia. Alisema tu, "Umefanya vizuri, Mama," na hilo likaniumiza kuliko kama angeshangilia.

Basi leo asubuhi niliketi na simu yangu ili nimwandikie mkuu wa shule ujumbe. Nilianza vema. "Mheshimiwa, nasikitika kukuarifu kwamba sitaweza kuendelea kuandaa mazoezi, kwa kuwa kompyuta yangu ina..."

Hapo kidole kikasimama.

Inafanya nini? Nilitaka kuandika "inachemka". Ni neno nililomsahihishia Masanja mbele ya watu. Lakini kuchemka ni tendo linalotokea kwenye kitu chenyewe; kitenzi hicho hakimtaji mtu mwingine. Na kompyuta hii ilishinda Igoma mchana kutwa bila kuchemka. Ikiwa tabia hiyo ni yake yenyewe, iliiacha wapi ilipofika Igoma? Nikiandika "inachemka" nitakuwa nimempelekea mkuu wa shule uongo uliosahihishwa sarufi.

Nikajaribu "inachemsha". Hapana, hilo tulikwisha kulimaliza.

Likabaki moja. Inachemshwa.

Nililitazama neno hilo kwenye simu kwa muda mrefu. Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao nimewaambia wanafunzi jambo hili moja: mkikutana na kauli ya kutendwa, msiishie hapo. Kauli ya kutendwa ni mlango uliorudishwa. Nyuma yake kuna mtu. Sahani ilivunjwa. Na nani? Mbuzi alifunguliwa. Na nani? Mtafuteni mtenda.

Nikaiweka simu kando.

Mtenda yupo nyumbani kwangu na hayupo Igoma. Meza? Hata Masanja ana meza. Umeme? Tunatumia umeme uleule. Jua? Kompyuta haipigwi na jua. Dirisha linaingiza upepo, na upepo haupashi moto. Niligeuka kuitazama kompyuta ili niichunguze kwa makini, na sikuiona.

Niliona gauni.

Nilisogea nikaligusa. Upande wa mbele, mahali ambapo feni huvuta hewa, chandarua hakikuwa tena chandarua. Wadudu waliojaribu kupenya walikuwa wamenasa katika mikunjo yote minne, vumbi limewashika, na matundu yote yameziba. Lilikuwa gumu kama blanketi la kambini. Nikaiwasha mashine, nikafungua ukurasa wa bluu, nikapitisha mkono nyuma, chini ya utepe. Hewa iliyokuwa ikitoka ilikuwa ya moto na haikuwa na pa kwenda. Ilizunguka mle ndani ya gauni na kurudi ilikotoka. Kwenye ukurasa wa bluu namba ya joto ilikuwa ikipanda, bila haraka, bila kusita.

Nikaufungua utepe na kuivua nguo.

Namba ikasimama. Kisha ikaanza kushuka.

Sikuamini mara moja, maana mwanafunzi anayepata jibu sahihi mara moja anaweza kuwa amebahatisha. Nikaivisha tena. Ikapanda. Nikaivua. Ikashuka. Nikaivisha na kuivua hadi jirani yangu, Mama Bwire, aliyekuwa anapita uani kuomba moto, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, kulikoni? Unamvalisha nani?"

"Namfanyia mtu mtihani," nikamjibu. "Amefaulu."

Akaniangalia, akachukua moto wake, akaondoka. Nadhani habari hii imekwisha kufika sokoni.

Nikachukua mkasi mdogo na kufumua gauni, mshono mmoja baada ya mwingine. Sikuona uchungu. Nililifua kwa sabuni hadi matundu yakafunguka, nikalianika, na lilipokauka nikalipigilia kwenye fremu ya dirisha, mkunjo mmoja tu, limenyooshwa kama ngozi ya ngoma. Sasa wadudu wapo nje, hewa ipo ndani, na kompyuta ipo uchi mezani kama ilivyoumbwa. Mishono ya pembeni niliiacha. Ukisimama uani unaiona, na imelingana.

Nikampigia Masanja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nimempata mtenda."

"Nani tena?"

Nikamweleza. Halafu nikasikia simu ikiwekwa mezani na mtu akicheka mbali nayo. Aliporudi bado sauti ilikuwa inamkatika.

"Gauni, Mwalimu? Umeivalisha gauni? Lina mikono?"

"Halina mikono. Lina kola."

"Lina kola! Jamani! Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza inavaa nini. Uliniuliza inakaa wapi, nikakujibu kikamilifu."

"Haki ya Mungu, kuanzia leo mteja akija namwuliza inakaa wapi, inakula nini na inavaa nini." Akavuta pumzi. "Sasa nifundishe, Mwalimu. Ilikuwa inachemka au inachemsha?"

"Ilikuwa inachemshwa."

"Na nani?"

Alinibana kwa swali langu mwenyewe. Ningeweza kusema na gauni. Ningeweza kusema na wadudu. Lakini gauni halikujishona, na wadudu hawakuniomba niwakunjie kitambaa mara nne.

"Na mimi," nikasema.

Safari hii hakucheka. Alisema, "Mwalimu, mimi nilishindwa. Wewe umeiponya ukiwa umekaa kisiwani, huna hata bisibisi." Nikamshukuru. Sikumkatalia, kwa kuwa ni kweli.

Kisha nikampigia Deo, na hii ndiyo simu niliyokuwa naiogopa. Nilimweleza yote kwa utaratibu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima muda wote?"

"Nzima kabisa. Mimi ndiye niliyeifunika. Niliifunika kwa sababu naipenda na sikutaka idhurike. Kidogo niiue."

Nyuma yake niliwasikia wanawe wakigombania kitu, pengine rimoti.

"Nimekuelewa, Mama," akasema hatimaye. "Mazoezi yatakuwa tayari Jumatatu?"

"Yatakuwa tayari leo."

"Basi sikuzuii. Fanya kazi."

Alisema "fanya kazi". Hakusema "pumzika".

Ule ujumbe kwa mkuu wa shule nimeufuta. Kompyuta imewaka tangu saa sita mchana, na nimechapa zoezi lote la vinyambuliko bila kioo kuwa cheusi. Kila baada ya muda naligusa sanduku kwa kiganja, kama mama anavyogusa paji la uso wa mtoto aliyepona. Ni la vuguvugu tu.

Imebaki sentensi ya mwisho ya zoezi, na nimekwisha kuichapa. Inasomeka hivi: "Andika upya sentensi ifuatayo ukianza na mtenda. Kompyuta ilichemshwa na mwalimu."

Jibu ninalolitaka ni "Mwalimu aliichemsha kompyuta." Ninawajua wanafunzi wangu. Yupo atakayesahau kiambishi cha mtendwa, kisha achoke, aiache kompyuta njiani na kuniandikia "Mwalimu alichemsha" peke yake, na darasa zima litacheka kwa namna ya mtaani.

Kwa kanuni, huyo amekosa.

Kalamu nyekundu ipo hapa mezani, kando ya dirisha, nami bado sijaamua: je, nimkate alama mtoto aliyesema kweli?